Gadi ya stelingi ya Defender: chuma safi, matundu ndo balaa

Gadi hii, yani chuma cha kukinga stelingi chini ya Land Rover, nimeifunga juzijuzi na safari moja ya mawe ishapiga. Kwa asiyejua, kwenye Defender za zamani ile fimbo ya stelingi na shokabu yake ndogo zinapita mbele ya ekseli, yani kisiki kinaanza nazo, fimbo ikipinda tu usukani unakaa upande. Chuma chenyewe kizito, kimechomelewa vizuri, sina neno. Shida matundu! Mawili ya kushoto yamegoma kabisa kukutana na ya gari, nimelala chini na tupa ya duara nachonga karibu saa nzima, vumbi la chuma lote usoni (vaeni miwani jamani). Kabla hujakaza kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uone hakuna kinachogusa, mie nilisahau nikafungua tena nati zote. Halafu tope linajazana humo kama nini. Baada ya safari nimepitisha spana, nati mbili zilishalegea. Ila kuna jiwe lilipiga pwaa, nikashuka mbio kuchungulia, mkwaruzo tu kwenye rangi, fimbo imenyooka vilevile. Nyota nne, ya tano imeliwa na tupa.