Bamba la chenso la bei kubwa: nani alinunue, nani aliache

Kila mwaka, korosho zikishaisha shambani na watu hawajaanza kupuliza salfa, msimu wa kupogoa mikorosho unafika na simu yangu inaanza kuita. Swali ni lile lile: "Kaka, lile bamba la bei kubwa lina faida, au tunauziwa jina?"

Bamba ni ule upanga wa chuma ambao mnyororo wa chenso unauzunguka. Kama chenso ndiyo inayokulisha, lipo moja la bei kubwa linalostahili pesa yako, na ndilo nimeliweka la kwanza hapa chini. Kama unapogoa mikorosho yako mwenyewe mara moja kwa mwaka, pesa hiyo itumie kwenye mnyororo mzuri na oili safi.

Mabamba ya huku kwetu hayauawi na miti migumu. Yanauawa na mchanga. Panda uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ushike udongo mkononi: kichanga kitupu. Tawi likishaanguka limeshakibeba kwenye gome, mnyororo unakikokota hadi ndani ya mfereji wa bamba, kinasaga reli, yaani kingo mbili za mfereji, kama msasa. Muuaji wa pili ni oili chafu, ile iliyomwagwa kwenye injini za pikipiki na magari, ambayo wengi wetu tunaijaza kwenye tangi la oili ya mnyororo kwa sababu ni ya bure. Ina unga wa chuma ndani yake, na ikipata joto inakuwa nyepesi, inarushwa hewani kabla haijalainisha chochote. Bamba ghali likinyweshwa oili hiyo litakufa tu, litachelewa kidogo.

Nafasi ya kwanza: bamba la chuma kizima, pua ya kubadilisha

Hili limekatwa kutoka kipande kimoja cha chuma, na pua yake (ncha ya mbele) yenye sproketi ndogo, kigurudumu cha meno kinachozungusha mnyororo, imefungwa kwa ripiti. Pua ikichoka, fundi anatoboa ripiti, anaweka nyingine, bamba linaendelea na kazi. Kwa STIHL utafute Rollomatic ES, kwa Husqvarna X-Tough, kwa Oregon PowerCut. Bei yake inaweza kufika mara moja na nusu ya lile la kawaida, wakati mwingine hata mara mbili.

Pesa hiyo inarudi kwa mpasua mbao. Ukipasua mkongo au mninga kwa urefu, kule Liwale au Nachingwea, mnyororo unakaa ndani ya mti muda mrefu, joto linapanda, na mti ukibana kidogo bamba linapindishwa. La chuma kizima linavumilia. Tena ukibanwa na gogo ukalipinda kidogo, linanyooka. La matabaka, lile la nafasi ya pili hapa chini, likipinda mara nyingi ndiyo mwisho wake. (Na kabla ya kuugusa mkongo au mpingo, kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kiwe mfukoni. Chenso ikikamatwa, ubora wa bamba hautakusaidia.)

Kasoro yake ni uzito. Ukifanya kazi ya kunyanyua mikono juu ya matawi kutwa nzima, utausikia mabegani.

Nafasi ya pili: bamba la matabaka matatu

Sahani tatu za chuma zimeunganishwa kwa welding ya nukta nukta, na pua yake kwa kawaida haibadilishwi. Ni jepesi na bei yake inavumilika. Kwa mkorosho, mti laini ukilinganisha na miti ya porini, la inchi 14 hadi 18 linatosha kabisa. Ningekuwa na ekari zangu tano tu na chenso ndogo, ningenunua hili bila kuuliza mara mbili.

Nafasi ya tatu: bamba la pua ngumu

Halina sproketi wala beringi kwenye pua. Ncha yake imepakwa Stellite, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu unaostahimili kusuguliwa. Mnyororo unateleza juu yake, kwa hiyo msuguano ni mkubwa, chenso inakula nguvu zaidi na oili lazima iwe nyingi. Kazi yake ni chafu: visiki, mizizi, minazi mikuukuu ya pwani iliyojaa nyuzi na mchanga. Kwa mtu anayesafisha mashamba kwa mkataba, hili ningelipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kwa wengine ni kujitwisha mzigo.

Nafasi ya nne: mabamba mepesi ya kisasa

Yamechimbwa ndani ili kupunguza gramu kadhaa. Ni mazuri kwa anayepanda mtini na chenso kiunoni. Huku kwetu sioni haja.

Nafasi ya mwisho: "jina kubwa" la nusu bei

Hili ni la bandia, na nimelinunua mwenyewe. Ilikuwa la inchi 20, katika duka moja Masasi, jina limechapwa ubavuni kwa rangi ya kuvutia. Nikaenda nalo shambani kwa mama mmoja kuangusha mikorosho mizee iliyoacha kuzaa. Mti wa tatu, nikasikia harufu ya kuungua. Mama alikuwa nyuma yangu anakusanya kuni.

"Mwanangu, huo moshi ni wa mti au wa mashine?"

"Wa mashine, mama."

"Basi zima kwanza, usije ukaniunguzia na kuni."

Pua ilikuwa imekwama. Ncha ya chuma imegeuka buluu, na chuma cha namna hiyo kikifika buluu kimeshapoteza ugumu wake. Rangi ya jina ilibanduka kama ngozi ya karanga iliyokaangwa. Nilipogusa reli kwa tupa, ikalika kama mbao. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu, na malipo yakabaki yale yale.

Pengine huhitaji jipya

Watu wengi wanaokuja kuuliza bei wana bamba zima nyumbani. Liweke wima juu ya meza tambarare: likiegemea upande, reli zimelika bila usawa, na hilo ndilo linalofanya chenso ikate kona hata mnyororo ukiwa umenolewa vizuri. Zisawazishe kwa tupa bapa. Kisha pima kina cha mfereji. Kwa mnyororo wa kawaida wenye hatua (kipimo cha nafasi kati ya viungo vyake) ya inchi 3/8 kisipungue milimita 6. Kwa ule mdogo wa 3/8 P, 5. Wenye chenso kuukuu za STIHL 070 zinazotumia mnyororo wa inchi .404, 7. Kikipungua hapo, meno ya chini ya mnyororo yanakwaruza sakafu ya mfereji, na hakuna tupa itakayokusaidia.

Lililo zima ligeuze juu chini kila unapobadilisha mnyororo, ili upande mmoja usibebe mzigo peke yake. Na toa uchafu kwenye tundu la oili kwa mti mwembamba. Utomvu wa mkorosho ukichanganyika na unga wa mbao unaliziba kama lami.

Ukiwa dukani

Nenda na bamba lako la zamani. Mkiani pamechapwa namba tatu: hatua ya mnyororo, upana wa mfereji, idadi ya meno ya chini. Zote tatu zilingane. STIHL nyingi za kati na kubwa hutumia mfereji wa milimita 1.6, Husqvarna nyingi 1.5, na mkia wa kufungia pia haufanani, kwa hiyo "linaingia tu, kaka" si jibu. Mnyororo wa 1.6 hauingii kwenye 1.5, wa 1.3 ndani ya 1.6 unacheza na kukata kona.

Zungusha sproketi ya pua kwa kidole: iende laini, isiyumbe pembeni. Tazama reli kwa jicho moja kutoka mkiani hadi puani, kama fundi anavyotazama ubao. Muuzaji akikukataza kulitoa kwenye karatasi lake, lirudishe kwenye kaunta utoke.