Tairi Lipi Ununue: Mpangilio kwa Wenye Magari Madogo

Mwenye gari dogo anayetafuta matairi Dar es Salaam, Morogoro au Mombasa kwa kawaida huwekewa mbele yake aina nne: jipya la bei ya juu, jipya la bei ya kati, la mtumba, na lile lililochongwa kashata (meno ya tairi) upya. Nimezipanga kwa kutazama kwanza usalama wa abiria, kisha bei.

Nafasi ya kwanza naipa tairi jipya la bei ya kati, ilimradi ukubwa wake ulingane na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva na liwe limetengenezwa karibuni. Umri husomwa ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT: tarakimu 3524 zina maana ya wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata likiwa stoo, na huzeeka haraka zaidi linapoanikwa juani mbele ya duka, kwa hiyo tairi "jipya" lenye miaka mitano ni la kukataa hata kama muuzaji anapunguza bei. Soma pia namba ya mzigo. Katika 185/65R15 88H, 88 ni uwezo wa kubeba kilo 560 kwa kila tairi, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba ambayo gari lako linahitaji.

La bei ya juu linashika nafasi ya pili kwa sababu ya gharama tu. Anayesafiri mara kwa mara masafa marefu, hasa msimu wa mvua, atafaidika nalo.

La mtumba ni la tatu, na kwa masharti. Ingiza kidole ndani ya tairi kabla halijafungwa kwenye ringi, ukipapasa viraka, mikunjo na nyuzi zilizojitokeza. Ubavu wenye uvimbe au mpasuko haurekebishiki. Kashata zikikaribia vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo huonyesha kina cha milimita 1.6, unalipia tairi lililokwisha.

Lililochongwa sipendi hata kuliita chaguo. Hilo ni tairi kipara lililokatwa mifereji kwa kisu cha moto, na mkataji amepunguza mpira uliokuwa ukizifunika nyuzi. Utalitambua kwa vinundu hivyo kukatika au kutoweka kabisa.

Ukiweza kununua mawili tu, yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, kwani nyuma ikiteleza kwenye maji gari huzunguka na dereva hana la kufanya. Upepo upimwe kabla ya safari, matairi yakiwa baridi.

Usiondoke dukani bila kukagua spea. Magari mengi yaliyotoka Japani huja na spea nyembamba inayohitaji upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na isiyopaswa kuzidi kilomita 80 kwa saa. Tairi likipasuka njiani, shika usukani kwa nguvu, achia mafuta polepole bila kukanyaga breki ghafla, kisha egesha mahali tambarare na pagumu mbali na lami. Weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili, legeza nati kabla ya kupiga jeki, na usiingie chini ya gari kamwe.