Sproketi moja mbele: ununue nini kwa baiskeli ya kazini hapa Mwanza

Baiskeli ya mtumba yenye sproketi (magurudumu ya meno yanayovuta cheni) tatu mbele na saba nyuma huuzwa kwa sifa ya gia 21. Mwaka mzima wa kwenda kazini kutoka Igoma hadi mjini nilitumia tano. Kihamisha cheni cha mbele kazi yake ilikuwa kukusanya mchanga na kukwaruza. Nikavua sproketi mbili, nikabaki na moja, na tangu hapo nimewasaidia wenzangu kadhaa kufanya hivyohivyo.

Kabla ya kutoa hela, pindua baiskeli uchungulie nyuma ya sproketi. Ukiona bolti, mambo ni mepesi. Ukiona ribiti, hazivuliki, kwa hiyo ruka hadi chaguo la nne. Na kama unaendesha Phoenix ya kawaida, wewe sproketi yako ni moja tangu zamani. Tuache sisi tuhangaike.

Chaguo la kwanza, na ndilo ninalompa karibu kila anayeniuliza: baki na sproketi ya katikati. Cheni inakaa karibu na mstari wa katikati ya friwili, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, na unachonunua ni bolti fupi tu. Usizidharau hizo bolti. Mimi nilirudishia zile ndefu za mwanzo. Fundi akakaza mpaka jasho likamtoka, bolti zikagota kabisa, lakini nikiishika sproketi kwa vidole inacheza, tik, tik. Ilibidi tuzipunguze kwa tupa, moja baada ya nyingine, mchana kutwa.

Yangu ilikuwa na sproketi za meno 48, 38 na 28 mbele. Hiyo 38 ikiwa kwenye meno 14 nyuma, na tairi la inchi 26, ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika unakwenda kama kilomita 27 kwa saa. Kwa Barabara ya Nyerere asubuhi, daladala zikijitupa pembeni bila taarifa, anayetaka zaidi ya hapo ana haraka zake.

Kasoro yake: meno ya sproketi ya katikati yamechongwa ili cheni ihame kirahisi, hivyo kwenye mawe itadondoka. Usitupe kihamisha cheni cha mbele. Toa waya wake mrefu, kisha kifunge juu ya sproketi kwa skrubu zake au kwa kipande kifupi cha waya, kiwe mlinzi. Hakipendezi, lakini hakikugharimu kitu.

Chaguo la pili linaongezwa juu ya hilo, na ni la wakazi wa milimani: Bugando, Isamilo, Capri Point. Nunua friwili ya meno 14 hadi 34 badala ya 14 hadi 28. Hapa ndipo hela yako inapofanya kazi. Kama ya katikati yako ina meno 34, basi mbele 34 na nyuma 34 ni mzunguko mmoja kwa mmoja, sawasawa na ile 28 kwa 28 uliyoivua. Ukibaki na 38, mlima utakuwa mzito kidogo, siyo sana. Hakikisha tu yako ni friwili ya kufungwa kwa nyuzi, siyo kaseti, ile inayochomekwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), maana haviingiliani. Tazama pia kihamisha cha nyuma: kigurudumu chake cha juu kikigusa ile sproketi kubwa ya nyuma hata baada ya kurekebisha skrubu, hakiwezi kuibeba.

La tatu ni sproketi mpya ya meno manene na membamba yanayopishana, ambayo hushika cheni bila mlinzi. Ni nzuri kwa anayepita njia za mawe kila siku. Kwa vile meno hupishana, idadi yake lazima igawanyike kwa mbili. Pima kwanza: kranki (mikono ya pedali na kishikio cha sproketi) ya bolti nne, kutoka katikati ya bolti moja hadi jirani yake ukipata milimita 73.5, omba sproketi ya 104, yaani kipenyo cha duara la bolti kwa milimita. Ya bolti tano ukipata kama 64.7, omba ya 110. Ukienda dukani kwa kukisia utarudi na pambo la ukutani.

La nne ni kranki mpya yenye sproketi moja, kwa wenye ribiti. Nenda na baiskeli yenyewe, maana urefu wa ekseli ya kranki ukikosewa cheni inakwenda mshazari.

Seti kamili, yaani gia mpya, kaseti ya 11 hadi 42 na vyote vyake, naiweka mwisho. Ni tamu, ila huenda ikaizidi bei baiskeli yenyewe, na mara nyingi itadai ringi ya nyuma yenye habu nyingine.

Ukimaliza, mwambie fundi aikate cheni, maana ilipimwa kwa ile sproketi kubwa na sasa italegea. Vipande alivyokata viweke kwenye begi pamoja na pampu.