Kupima mionzi hafifu: jerimani au iodidi ya sodiamu?

Kwa anayepima udongo wa Tororo, Uganda, penye miamba ya fosfeti, kanuni ya mkemia Currie ya 1968 huweka kikomo cha ugunduzi, yaani hesabu ndogo kabisa inayoweza kutambuliwa kwa uhakika, kuwa 2.71 + 4.65√B, ambapo B ni hesabu ya mionzi ya usuli (ile iliyopo hata bila sampuli) iliyopimwa kwa muda sawa na wa sampuli. Kigunduzi cha jerimani, ambacho vilele vyake vya nishati kwenye grafu ni vyembamba na hubeba usuli mdogo, hushinda pale mionzi ya urani na thoriamu inapochanganyika. Ila hudai kupozwa, na nitrojeni ya kimiminika ya kukipozea ikichelewa kufika mji kama Mbarara, kazi husimama. Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu ni nafuu na hakipozwi. Kwa anayetafuta sesiamu-137, aina ya sesiamu yenye mionzi, peke yake, mara nyingi kinatosha. Kuongeza muda mara nne hupunguza kikomo, kikigeuzwa kuwa hesabu kwa sekunde, kwa takriban nusu tu, kwa vyote viwili.