Kengele mbili za injini kwenye gari langu la safari
Geji ya joto kwenye dashibodi iliniangusha mara moja, ikatosha. Paipu ya rejeta ilipasuka mlimani, maji yakamwagika yote, na mshale ukabaki katikati kana kwamba hakuna lililotokea. Kihisio cha geji hupima maji. Yakiisha, kinabaki hewani na kutoa jibu la uongo. Silinda hedi, yaani kifuniko cha chuma cha juu ya injini, ilipinda kwa joto.

Sasa nimefunga vihisio viwili: kimoja kwenye tangi la akiba, kinacholia maji yakipungua, na kingine kimekazwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi yenyewe. Hiki cha pili ndicho nakipenda zaidi, maana hakitegemei maji hata kidogo. Kazi ngumu ilikuwa kupitisha waya mbali na ekzosi. Kikomo cha joto cha kuliza kengele yake nimekiweka nyuzi 10 juu ya joto la kawaida la kupanda mlima. Ukikisogeza karibu zaidi, kengele italia ovyo.

Taa ya kengele ni hafifu juani, ila mlio ni mkali. Wiki iliyopita klipu ya paipu ililegea, na kengele ya maji ikalia kabla joto halijapanda. Nikazima injini, nikasubiri ipoe, nikakaza klipu, nikaongeza maji, nikaendelea na safari.