Niliharibiwa mwisho wa The Others, na bado naitazama

Mara ya kwanza niliiona The Others kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, feni moja, na filamu iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Mtafsiri alikuwa na maneno mengi. Kabla hatujafika nusu, akacheka na kumwaga mtama wote, nani ni nani ndani ya ile nyumba. Nilitamani nirudishiwe hela yangu.

Tangu hapo nimeirudia mara nne, bila mtafsiri, na naona yule bwana alinipunja kidogo tu.

Kisa kiko kisiwani Jersey mwaka 1945, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Grace (Nicole Kidman) anaishi kwenye jumba kubwa na watoto wawili ambao mwanga wowote unaozidi wa mshumaa huwatoa malengelenge. Basi mapazia hayafunguliwi, na huruhusiwi kufungua mlango kabla hujaufunga kwa ufunguo ule uliotoka. Mume hajarudi vitani. Wanatokea watumishi watatu, kisha binti yake, Anne, anaanza kusema humu ndani kuna watu wengine.

Hakuna damu hapa. Alejandro Amenábar wa Uhispania, aliyeiandika, akaiongoza na hata muziki akautunga mwenyewe, anakutisha kwa pazia na kitasa. Kuna ile sehemu Anne amekaa sakafuni na gauni lake jeupe la komunyo, shela limemfunika uso, anacheza na kikaragosi. Halafu unauona mkono. Siri nilikuwa naijua, na bado nilipandisha miguu kwenye kochi.

Raha yenyewe, kwangu, iko kwa Bi Mills, yule mtumishi mkuu. Asiyejua siri macho yake yote yako kwa Grace. Anayeijua hambanduki Bi Mills. Anapoizungumzia nyumba aliyowahi kuitumikia zamani, mara ya kwanza unamsikia yaya mpole. Mara ya pili unamsikia mtu anayesubiri wenzake waelewe. Maneno ni yaleyale. Fionnula Flanagan kacheza pande zote mbili kwa uso mmoja, na sijui kwa nini watu humtaja Kidman peke yake.

Lawama ninayo. Mume anapotokea kwenye ukungu, filamu inapoa kama chai iliyosahaulika mezani. Najua kwa nini yupo, ila wangempunguza. Wahispania hilo halikuwakera: waliipa tuzo nane za Goya, ikiwemo ya filamu bora, ingawa ndani yake hamna neno hata moja la Kihispania.

Mwezi uliopita nilimwekea mdogo wangu, taa tukazima, nikajibana nisiseme kitu. Ilipokwisha alikaa kimya. Kisha akachukua rimoti, akairudisha mwanzo kabisa, pale Grace anapoamka kitandani akipiga yowe.