Fremu nyepesi ya gari la kujiundia: wepesi upo, ugumu wa kutojisokota niliutafuta mwenyewe

Fremu hii niliinunua kwenye karakana moja ndogo hapa Uingereza. Ni ya gari la kujiundia, mtindo wa Lotus Seven, ile ya Colin Chapman ya mwaka 1957. Muuzaji alisifia wepesi tu, na kwa hilo hakunidanganya: mabomba ya mraba ya milimita 25, unene 1.6, mimi na shemeji tuliibeba toka barabarani hadi gereji bila kupumzika. Uchomeleaji safi kabisa. Injini, giaboksi na difu nilivitoa kwenye Mazda MX-5 iliyokwisha kwa kutu, gari likapita IVA, ukaguzi wa Uingereza wa kuruhusu gari mojamoja barabarani, mizani ikasoma kilo 610.

Kero ikaja kwenye kona. Unakata usukani, gari linafikiria kwanza, ndipo linafuata. Nikafunga springi ngumu zaidi mbele, kisha ngumu kuliko hizo, hakuna kilichobadilika. Kumbe fremu yenyewe inajisokota, ndiyo springi ya tano, tena haina shokamzoba.

Majira ya baridi nikafumua kila kitu. Nikaibana fremu nyuma, mbele nikaiegemeza katikati tu, nikafunga boriti na kuning'iniza kilo 60 mita moja kutoka katikati. Ilijisokota nyuzi 0.6, yaani karibu nyutoni-mita 1,000 (kipimo cha nguvu ya kusokota) kwa kila nyuzi. Kipimapembe changu ni cha bei rahisi, lakini hata kwa macho ilionekana.

Wazo la kwanza lilikuwa kuagiza fremu ya unene wa milimita 2. Nikapiga hesabu: mita moja ya bomba inatoka kilo 1.2 kwenda 1.4 na ushei, yaani chuma kinaongezeka kwa karibu robo, kila mahali, hata pasipojisokota. Nikakumbuka mageti ya Tanga. Fundi akiona geti linalala haongezi unene wa bomba, anachomelea mshazari, bomba la kukatiza toka kona hadi kona.

Kwenye fremu yangu kulikuwa na umbo la pembe nne lisilo na mshazari palepale injini inapokaa, maana injini lazima iingie na kutoka. Nikaweka mishazari ya kufunga kwa bolti. Handaki la propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, lilikuwa wazi juu, nikalifunika bati la alumini, gundi chini, ribiti karibukaribu. Kilo 6 zote kwa jumla. Kipimo kilekile, nyuzi 0.4.

Sasa ukibadili springi, gari linasikia. Kutoa injini ndiyo adha, bolti nane kabla hujagusa kitu.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeiongeza kama mishazari ingekuja na fremu, hata kwa kulipia zaidi.